BAADA YA SARATANI: AKINA MAMA, TUFANYE MAZOEZI PAMOJA



Leo tuzungumze juu ya mama aliyerudi nyumbani kutoka hospitali. Mama huyu alikuwa na saratani ya titi. Wengine huiita kansa. Madaktari walimfanyia operesheni. Walitoa titi lenye ugonjwa. Walitoa pia tezi za kwapani. Baadaye alipewa dawa kali kwa njia ya mshipa, au alipigwa mionzi. Sasa matibabu makubwa yamekwisha. Daktari amemwambia: "Nenda nyumbani, mama. Urudi kliniki tarehe niliyokuandikia."

Huenda mama huyu yuko kijijini kwenu. Huenda ni dada yako, mke wako au jirani yako. Huenda ni wewe mwenyewe unayesoma gazeti hili.

Watu wengi hudhani kwamba mambo yamekwisha. Mgonjwa ametibiwa, basi. Lakini sivyo. Mama amerudi akiwa amechoka sana. Bega limekaza. Mkono hauinuki hadi kichwani. Kusuka nywele hawezi. Kufunga kilemba ni taabu. Usiku hapati usingizi mzuri. Tena anaona haya. Anakaa ndani ili watu wasimtazame kifuani.

Je, mama huyu atarudije katika nguvu zake? Makala hii inaeleza msaada mmoja usiouzwa dukani. Msaada huo ni mazoezi ya mwili, tena mazoezi ya pamoja.

MAKOSA MAWILI

Nyumba nyingi hufanya kosa moja kati ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la huruma. Watu wa nyumbani humwambia mama: "Wewe kaa tu. Usiguse kitu. Utafungua kidonda." Mwezi wa kwanza unapita. Mwezi wa pili unapita. Mama bado amekaa kwenye mkeka. Wanamletea chakula na maji ya kunawa. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini mwili usiotumika hudhoofika. Jembe likiachwa pembeni ya nyumba msimu mzima, hushika kutu. Mwili nao ni hivyo. Misuli hupungua. Bega huzidi kukaza. Uchovu huongezeka badala ya kupungua.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Mama amerudi leo. Kesho anapewa ndoo. Keshokutwa anapewa jembe. Watu husema: "Si umeshapona? Hospitali wamekuruhusu." Mama naye hataki kuonekana mvivu. Anajitwisha ndoo iliyojaa. Kidonda kinavuta. Mkono unauma, na pengine unavimba. Baada ya hapo anaogopa kabisa kuutumia mkono ule. Anarudi kukaa kwenye mkeka.

Njia nzuri iko katikati. Mama asikae kama gogo, wala asibebeshwe mzigo ghafula. Aanze na kidogo. Aongeze kidogo kidogo. Mwenda pole hajikwai.

KWA NINI MKONO HUVIMBA?

Ni vizuri kujua sababu, maana hofu nyingi hutoka hapo.

Ndani ya mwili mna damu. Lakini pia mna majimaji mengine, meupe, yanayopita katika vijia vidogo sana. Majimaji ya mkono hupita kwapani. Kwapani kuna tezi ndogo kama punje za maharage. Tezi hizi huchuja majimaji hayo na kuzuia vijidudu vya ugonjwa.

Saratani ya titi ikianza kutembea, mara nyingi hupita katika tezi hizo. Kwa hiyo daktari huondoa baadhi yake. Wakati mwingine mionzi nayo huzikausha. Hapo njia ya majimaji hupungua.

Wewe mkulima wa umwagiliaji unajua jambo hili. Mfereji ukiziba sehemu moja, maji hujaa na kumwagika shambani. Mkononi ni hivyo hivyo. Majimaji yakikosa njia, hukusanyika, na mkono huvimba. Si kila mama aliyefanyiwa operesheni huvimba mkono. Lakini hatari hiyo ipo, na inaweza kutokea hata baada ya miaka.

Sasa, je, kuutumia mkono huo kunaongeza uvimbe? Zamani madaktari wengi walijibu ndiyo. Waliwaambia akina mama wasibebe kitu kizito. Waliwakataza kazi za kurudiarudia, kama kupiga makasia. Baada ya hapo ukaja ushahidi mwingine.

AKINA MAMA 24 KATIKA MTUMBWI

Mwaka 1996, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, daktari mmoja alifanya jaribio. Jina lake ni Don McKenzie, wa Chuo Kikuu cha British Columbia. Yeye ni daktari wa mambo ya michezo. Hakuona sababu ya kutosha ya kuwakataza akina mama mazoezi.

Alikusanya akina mama 24. Wote walikuwa wametibiwa saratani ya titi. Aliwapa kazi ile ile iliyokuwa ikiogopwa: kupiga makasia. Walitumia mtumbwi mrefu wa asili ya China, ambao kwa kawaida huchukua wapiga makasia 20. Mbele hukaa mpiga ngoma. Nyuma husimama nahodha.

Lakini hawakuingia majini siku ya kwanza. Walianza kwa mazoezi ya nchi kavu. Walinyoosha viungo na kuimarisha misuli. Walipopata nguvu, ndipo wakashika makasia. Madaktari waliwapima mara kwa mara.

Matokeo yalikuwa nini? Hakuna hata mama mmoja aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Walipata nguvu. Tena walipata jambo jingine: walicheka na kuimba pamoja. Hakuna aliyemwonea mwenziwe haya, maana wote walikuwa wamepita njia moja. Mwaka 1998 daktari huyo aliandika habari hizo katika jarida la madaktari wa Kanada ili wengine wasome.

Tangu hapo vikundi vya namna hiyo vimeanzishwa katika nchi nyingi. Mwaka 2010 kiliundwa chama chao cha kimataifa. Mwaka 2018 vilikutana kwa tamasha kubwa katika mji wa Florence, Italia.

USHAHIDI WA UZITO

Wengine walisema: "Makasia ni sawa. Lakini kunyanyua vitu vizito je?"

Jibu lilitoka Marekani mwaka 2009. Mtaalamu aitwaye Kathryn Schmitz na wenzake walichukua akina mama 141. Hawa walikuwa tayari wamevimba mkono baada ya saratani ya titi. Waliwagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilinyanyua vitu vizito mara 2 kwa wiki, kwa muda wa mwaka 1. Kundi la pili liliendelea na maisha yake ya kawaida.

Mwisho wa mwaka waliwapima. Waliozidi kuvimba katika kundi la mazoezi hawakuwa wengi kuliko wale wa kundi la pili. Makundi yalikuwa karibu sawa. Tena wale wa mazoezi walisumbuliwa na mkono mara chache zaidi: 14 katika kila 100, na wenzao 29 katika kila 100. Nguvu za miili yao ziliongezeka.

Lakini angalia jinsi walivyofanya. Walianza na uzito mdogo sana. Waliongeza polepole, kwa ruhusa ya mkono wenyewe. Walivaa nguo ya kubana mkono. Kwanza walifundishwa na mwalimu kwa wiki 13, tena wakiwa kikundi. Hawakukurupuka.

Mwaka 2025 ilitoka habari nyingine. Hii ilihusu saratani ya utumbo mpana. Watu 889, wanawake kwa wanaume, waligawanywa makundi mawili baada ya matibabu. Kundi moja lilisaidiwa kufanya mazoezi kwa miaka 3. Kundi la pili lilipewa vitabu vya mafundisho tu. Baada ya miaka 8, katika kila watu 100 wa kundi la mazoezi, 90 walikuwa hai. Katika kundi la pili walikuwa 83. Hiyo ilikuwa saratani ya utumbo. Hatuwezi kusema ni hivyo hivyo kwa kila saratani. Lakini inatuonyesha kwamba mazoezi si mchezo wa watoto.

FAIDA ZA MAZOEZI

Mazoezi humsaidia mama aliyetibiwa saratani kwa njia hizi:

1. Hupunguza uchovu. Jambo hili huwashangaza wengi. Aliyechoka anaambiwa atembee! Lakini ndivyo ilivyo. Kutembea kidogo kila siku hupunguza uchovu wa saratani kuliko kulala mchana kutwa.

2. Hulegeza bega, ili mkono uinuke tena.

3. Hurudisha nguvu za misuli. Misuli ikikaza na kulegea, husukuma majimaji ya mkono yapite.

4. Huimarisha mifupa. Baadhi ya dawa za saratani hudhoofisha mifupa.

5. Hupunguza wasiwasi na huzuni. Husaidia usingizi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020. Linasema watu wazima, pamoja na wale waliopona saratani, wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku, kwa siku 5. Aliye mgonjwa na asiyeweza kufika hapo afanye anachoweza. Kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Utajuaje kwamba mwendo wako ni wa wastani? Kuna kipimo rahisi. Tembea huku unazungumza na mwenzako. Kama unaweza kuzungumza lakini kuimba huwezi, huo ndio mwendo wa wastani. Kama hata kuzungumza huwezi, punguza mwendo.

KWA NINI KIKUNDI?

Mtu aweza kufanya mazoezi peke yake. Lakini mara nyingi ataacha. Leo mvua, kesho wageni, keshokutwa amechoka. Akiwa na wenzake, watapita mlangoni kwake na kumwita: "Hodi! Mama Neema, twende!" Ataona haya kukataa.

Hapa Tanzania tunajua nguvu ya vikundi. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kujifunza. Walisikiliza redio. Walisoma kijitabu. Walijadiliana, kisha wakatenda. Walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Mtu mmoja mmoja asingeweza kufanya hayo yote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Pengine utasema: "Kijijini kwetu aliyetibiwa saratani ni mmoja tu. Kikundi kitatoka wapi?" Swali ni zuri. Jibu ni kwamba kikundi si lazima kiwe cha waliougua tu. Mazoezi humfaa kila mtu. Dada zake, jirani zake na wenzake wa kwaya waungane naye. Kama kuna kikundi cha kuweka na kukopa, kianze mkutano wake kwa kutembea nusu saa. Kama kuna kikundi cha ngoma, yeye naye aingie. Kucheza ngoma ni mazoezi mazuri. Aanze na hatua fupi, na mikono iinuke kadiri inavyoweza.

Na mjue jambo hili: saratani haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kulala mkeka mmoja au kuvaa nguo ya mwenzako. Asiyeketi karibu na mama huyu kwa hofu anamwonea bure.

JINSI YA KUANZA KIKUNDI

Kwanza, mama aliyetibiwa aende zahanati au kliniki aliyopangiwa. Amwulize mganga: "Naweza kuanza mazoezi gani? Nisifanye nini?" Kama hospitali ina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aombe kumwona. Hospitali zenye huduma za saratani, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, huwa na wataalamu wa kumshauri. Siku ya kwenda kliniki ni siku nzuri ya kuuliza.

Pili, tafuteni wenzenu. Watano wanatosha kuanza. Mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji na afisa maendeleo ya jamii. Wajue mnachofanya.

Tatu, chagueni mahali na saa. Uwanja wa shule baada ya masomo unafaa. Chini ya mwembe panafaa. Asubuhi au jioni ni bora, maana jua si kali. Kila mtu alete maji ya kunywa. Avae viatu vinavyoshika mguu.

Nne, chagueni kiongozi na mwandishi. Mwandishi awe na daftari. Aandike nani amekuja, wametembea muda gani, na kila mmoja anasikiaje. Ninyi mnaosoma sasa, kazi hii ni yenu. Kusoma na kuandika kusiishie darasani.

Tano, wekeni sharti moja kubwa: siri za kikundi zisitoke. Mama akisema habari za mwili wake, zisisikike kisimani kesho.

MAZOEZI YENYEWE

Kila mara anzeni kwa kutembea polepole dakika 5. Malizeni hivyo hivyo. Msibane pumzi. Fanyeni mpaka mnasikia viungo vinavuta. Vikianza kuuma, acheni.

A. Siku za kwanza baada ya operesheni ya titi

Haya ni mepesi. Daktari au muuguzi akisharuhusu, yafanye hata ukiwa umekaa kitandani.

1. Kunja ngumi, kisha kunjua. Mara 10.
2. Kunja kiwiko, kisha nyoosha. Mara 10.
3. Pandisha mabega yote mawili kuelekea masikioni, kisha yashushe. Mara 10.
4. Vuta pumzi ndefu kwa pua. Itoe polepole kwa mdomo. Mara 5.

B. Baada ya mrija wa kidonda kutolewa na daktari kuruhusu mkono uinuke juu

1. Ukuta. Simama ukiutazama ukuta. Weka vidole vya mkono ulio upande wa operesheni. Vitambaze kwenda juu, kama buibui anavyopanda. Ukifika mwisho wako, mwenzako aweke alama kwa mkaa. Shuka polepole. Rudia mara 5. Wiki ijayo jaribu kupita alama ile. Utaona mwenyewe unavyopanda.

2. Fimbo. Lala chali kwenye mkeka. Shika fimbo kwa mikono miwili juu ya tumbo. Inua fimbo polepole kuelekea kichwani. Mkono mzima uusaidie mkono dhaifu. Mara 5 hadi 10.

C. Baada ya kidonda kupona kabisa

Sasa unaweza kuanza kunyanyua uzito mdogo. Wengi huruhusiwa baada ya wiki kama 6, lakini wengine hukawia. Subiri ruhusa ya daktari.

Chukua chupa ya nusu lita. Ijaze maji. Hiyo ni nusu kilo. Ishike mkononi, kunja kiwiko, nyoosha. Mara 10. Pumzika. Rudia tena mara 10. Fanya hivyo mara 2 kwa wiki, siku zisizofuatana. Usianze na mchanga, maana mchanga ni mzito kuliko maji.

Zipo na za miguu. Keti kwenye kiti au kigoda kirefu. Simama bila kujishika, kisha keti polepole. Mara 10. Zoezi hili hutia nguvu mapajani.

Kaa na nusu kilo mpaka uone ni rahisi, na mkono haujavimba wala haujawa mzito. Ndipo uende kwenye chupa ya lita 1.

NI LINI NITABEBA NDOO?

Hili ndilo swali la akina mama wa vijijini. Maji yako mtoni. Kuni ziko porini. Shamba linangoja. Nani atafanya?

Fikiri hivi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 20. Hiyo ni sawa na chupa 40 za nusu lita. Aliyeanza na chupa 1 hawezi kuruka hadi 40 kwa siku moja. Anapanda ngazi. Kutoka nusu lita hadi lita 1. Kutoka lita 1 hadi dumu la lita 3. Kutoka hapo hadi dumu la lita 5. Kila ngazi akae wiki 2 au zaidi. Mkono ukilalamika, ashuke ngazi moja.

Hakuna anayeweza kukutajia tarehe ya kubeba ndoo. Mkono wenyewe utasema. Kwa sababu hiyo inafaa kuupima. Tumieni utepe wa fundi cherehani. Pimeni mzunguko wa mkono mahali patatu: kifundo cha mkono, chini kidogo ya kiwiko, na juu kidogo ya kiwiko. Pimeni mikono yote miwili. Andikeni katika daftari. Rudieni kila mwezi, mahali pale pale. Kipimo kikizidi cha mwanzo kwa sentimita 2, nenda kliniki. Usingoje mwezi mwingine. Hata kabla ya hapo, ukisikia mkono mzito au pete inabana, nenda.

Tena utunze mkono huo. Vaa nguo ya mikono mirefu unapolima kwenye miiba. Ukikatwa au ukiungua, osha kwa maji safi na sabuni. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, hiyo ni hatari. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

MAMA ALIYETIBIWA MLANGO WA KIZAZI

Saratani ya mlango wa kizazi ni nyingi sana kwa akina mama wa nchi yetu. Matibabu yake huwa ni operesheni, mionzi, dawa, au mchanganyiko wa hayo. Mama huyu mkono wake hauna shida. Lakini anaweza kuvimba miguu. Anaweza kuchoka sana na kushindwa kuzuia mkojo.

Yeye pia aje kikundini. Kutembea kunamfaa. Kusimama na kuketi kunamfaa. Na kuna zoezi jingine asiloonekana akilifanya. Akaze misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo. Ahesabu hadi 5, kisha alegeze. Mara 10, mara 3 kwa siku. Anaweza kulifanya akichambua mboga.

Kikundi kina kazi nyingine hapa. Kikumbushe wazazi kuwapeleka wasichana kuchanjwa. Chanjo ya kuzuia saratani hii ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi 1 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

SIMAMA, USIENDELEE

Acha mazoezi na uende kwa mganga ukiona mambo haya:

- Kifua kinauma, au pumzi inakata hata ukiwa umekaa.
- Kizunguzungu, au unataka kuanguka.
- Homa.
- Mguu mmoja umevimba na unauma.
- Mfupa unauma, hasa usiku, na maumivu hayaishi.
- Unatoka damu.
- Uvimbe mpya mahali popote.

Tena kumbuka: mazoezi hayachukui nafasi ya matibabu. Mtu akikuambia uache dawa au kliniki kwa sababu una nguvu, usimsikilize. Tarehe ya kliniki ni tarehe ya kliniki.

NANYI AKINA BABA

Kikundi cha akina mama kinaweza kufa kwa sababu moja tu: hawapewi nafasi. Mama hawezi kwenda uwanjani saa 10 jioni kama maji hayajachotwa, kuni hazijaletwa na mtoto analia mgongoni.

Wewe baba, unayo baiskeli. Funga madumu mawili, uende mtoni. Vijana wa kiume wachanje kuni. Si aibu. Mlitumia fedha za nauli na siku nyingi za hospitali ili mama apone. Mliuza mbuzi, pengine na ng'ombe. Je, mtapoteza faida hiyo kwa kukosa nusu saa ya jioni?

Na usimwambie mkeo kwamba amepungua. Titi limeondoka ili yeye abaki. Mwambie hivyo. Akitoka kwenda kwenye mazoezi, mwulize akirudi: "Leo umefika alama ipi ukutani?" Swali hilo dogo litampa nguvu.

Akina mama, msisubiri fedha. Hakuna kinachohitajika ambacho hakipo kijijini. Ukuta upo. Mkaa upo. Fimbo ipo. Chupa ipo. Njia ya kutembea ipo. Waliobaki ni watu. Kesho mwamkie jirani yako aliyetoka hospitali, umwulize mganga wake amemruhusu nini. Akikujibu, panga naye siku ya kuanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwetu kuna mama aliyetibiwa saratani? Tumemtembelea lini?
2. Kati ya makosa mawili yaliyotajwa, sisi tumefanya lipi?
3. Kwa nini mkono huvimba? Mweleze mwenzako kwa kutumia mfano wa mfereji.
4. Ndoo ya lita 20 ni sawa na chupa ngapi za nusu lita? Mama atapandaje hadi hapo?
5. Nani atakuwa mwandishi wetu, na daftari litakaa kwa nani?
6. Kazi gani za nyumbani akina baba na vijana watazichukua ili akina mama wapate nusu saa?